Disketi Haisomeki: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Anayeokoa Kumbukumbu za Kompyuta

Anayeniletea boksi la disketi za zamani karibu kila mara huanza na hukumu: "Hizi zimeshakufa fundi, nimejaribu kwenye laptop zikagoma." Nikimuuliza alitumia draivu gani, disketi ilitoka kwenye kompyuta ya aina gani, na kama alizuia kuandika kabla ya kuiingiza, hunitazama kama mtu aliyeulizwa kabila la disketi. Basi tunaanza upya, na nyingi ya maiti hizo huamka. Kwa kawaida kilichokufa ni kisomeo.

Mwongozo huu ni wa aliyeachiwa boksi kama hilo: mkutubi, mtunza nyaraka wa ofisi, mtoto wa marehemu aliyekuwa mwandishi wa programu. Historia yetu ya kompyuta si changa kama tunavyodhani. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga mtambo wake wa kwanza mwaka 1965, ICT 1500 wa kampuni ya Kiingereza ya ICT, ambao kwa ndani ni RCA 301 ya Marekani iliyovishwa nembo ya Kiingereza. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kilichobaki cha miaka hiyo ni kichache, ndiyo maana huniuma kusikia boksi limetupwa kwa sababu laptop ya mwaka jana imeshindwa kulisoma.

Kabla ya dalili yoyote: zuia kuandika

Hakikisha kompyuta haiwezi kuandika chochote kwenye disketi. Hapa watengenezaji hawakukubaliana hata kidogo. Disketi ngumu ya inchi 3.5 imefungwa pale tundu la kona linapokuwa wazi. Ile laini ya inchi 5.25 ni kinyume: pengo la ubavuni likiwa wazi inaandikika, na unaifunga kwa kuliziba pengo kwa utepe usiopitisha mwanga. Ukirudi nyuma hadi kwenye inchi 8, mambo yanageuka tena, pengo lililo wazi ndilo kinga. Angalia mara mbili.

Huu si woga wa bure. Windows 95 na ndugu zake waliomfuata walikuwa na tabia ya kuandika alama yao kwenye sekta ya kwanza (sekta ni kipande kidogo cha hifadhi) ya disketi isiyofungwa, hata kama ulitaka kutazama tu orodha ya mafaili. Alama hiyo huangukia pale palipoandikwa jina la mfumo ulioifomati disketi. Kwa mhifadhi huo ni ushahidi, na umeshafutwa kwa kuchungulia tu.

Kisha nakili disketi nzima kama faili moja linalobeba kila sekta. Ukinakili mafaili yanayoonekana peke yake, unaacha nyuma yaliyofutwa, na huko ndiko rasimu za mwanzo hulala. Kwenye Linux mimi hutumia hii:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb disketi01.img disketi01.map`

Hakikisha sdb kweli ndiyo disketi. Faili la map hukumbuka sekta zipi zimegoma, hivyo unaweza kurudi kesho na draivu nyingine ukaendelea pale pale ulipoishia. Ukimaliza, toa heshi ya SHA-256 ya taswira hiyo, yaani ya hilo faili la disketi nzima (heshi ni alama inayobadilika faili likiguswa), iandike, na kazi yote inayofuata ifanyike kwenye nakala ya nakala.

Dalili: kompyuta inasema disketi haijafomatiwa

Inakuuliza kama uifomati. Jibu ni hapana, kila siku ni hapana.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kwamba disketi ni ya mfumo mwingine. Draivu ya USB ya bei nafuu inajua disketi za PC za inchi 3.5 tu: zile za MB 1.44, na mara nyingi za KB 720. Ile ya MB 1.44 ina pande 2, traki (njia za duara) 80 kila upande, sekta 18 kwa traki, baiti 512 kwa sekta. Zidisha utapata baiti 1,474,560. Draivu inatarajia mpangilio huo na haijui mwingine. Macintosh za mwanzo zenye disketi za KB 400 na 800 zilibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kilivyosogea kutoka ukingoni kwenda katikati. Amiga ilijaza KB 880 kwa utaratibu wake yenyewe. Draivu ya PC ikikutana na hizo hudai hakuna kitu, kama mtu asiyejua hati za Kiarabu anavyopewa utenzi wa zamani wa Kiswahili akasema karatasi imejaa michirizi.

Tiba ni kuacha kuomba sekta. Kuna bodi ndogo, Greaseweazle na KryoFlux ndizo ninazozifahamu zaidi, zinazokaa kati ya draivu ya kompyuta ya mezani na USB. Hazijali mpangilio. Zinarekodi muda kati ya kila mgeuko wa sumaku na unaofuata, basi. Tafsiri unaifanya baadaye kwa programu, hata miaka kumi mbele. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitumia KryoFlux kuzinakili disketi za Amiga za msanii wa Marekani Andy Warhol zilizokuwa kwenye jumba lake la makumbusho huko Pittsburgh, wakakuta picha alizochora mwaka 1985. Kuzisoma disketi haikutosha, kwani baadhi ya picha zilikuwa katika muundo ambao hakuna programu ya leo iliyoujua, ikabidi wauchambue wenyewe baiti kwa baiti.

Chanzo cha pili kinahusu inchi 5.25, na kimewapotezea watu wengi matumaini. Draivu za KB 360 zina kichwa kipana kinachoandika traki 40. Draivu za MB 1.2 zilizokuja baadaye zina kichwa chembamba cha traki 80. Mtu akiandika kwa kichwa chembamba juu ya disketi iliyokwisha kuandikwa kwa kichwa kipana, kingo za maandishi ya zamani hubaki pembeni. Ukiirudisha kwenye draivu ya zamani inasikia sauti mbili kwa pamoja na kukataa zote. Isome kwa draivu ya MB 1.2 na mara nyingi itatulia.

Cha tatu ni draivu yenyewe. Kichwa kilichohama kidogo kutoka mstarini huandika disketi ambazo yeye peke yake anaweza kuzisoma, ndiyo sababu nikiletewa disketi huulizia na kompyuta iliyoziandika, hata kama iko stoo imegeuzwa meza ya kuku. Kabla ya kusema disketi ni mbovu, nimeipitisha kwenye draivu tatu.

Dalili: inasoma kidogo, kisha inakwaruza

Toa. Usijaribu tena "labda sasa itakubali".

Kwenye diski ngumu kichwa huelea juu ya sahani. Kwenye disketi kichwa kinagusa utando wenyewe unaobeba data, nao unazunguka mara 300 kwa dakika. Kitu chochote kilichokaa juu ya utando kinakuwa msasa, na huku kwetu pwani kitu hicho ni kuvu. Disketi iliyokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja miaka ishirini na tano bila feni wala kiyoyozi, ichukulie ni mgonjwa hadi ithibitike vinginevyo. Sogeza kifuniko cha chuma, zungusha kitovu kwa kidole, tazama utando kwa mwanga unaotoka ubavuni. Madoa meupe au ya kijivu ni kuvu. Mduara uliong'aa au kuchubuka ni kovu: sumaku ya hapo imeshakwanguliwa, na hakuna programu itakayoirudisha.

Hili nililijifunza kwa hasara. Niliingiza disketi moja yenye kuvu, ikakwaruza, nikaitoa, nikaendelea na ya pili na ya tatu kwenye draivu ile ile bila kusafisha kichwa. Hizo mbili zilikuwa safi. Sasa zina makovu yanayofanana.

Usafishaji hauhitaji maabara. Vaa barakoa na glavu, kaa penye hewa. Piga picha lebo kwanza pande zote, maana gundi yake itaachia. Iache disketi ikauke kivulini kwenye chombo chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, jua litaikunja. Kisha lifungue ganda la plastiki taratibu kwa ubavuni, toa utando, upanguse kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, bila kukandamiza. Spiriti ya rangi ya dukani iache, ina viambato vinavyobaki juu ya utando. Ukikauka uweke ndani ya ganda safi la disketi usiyoihitaji, na usome papo hapo. Kwa inchi 5.25 unapasua ukingo mmoja wa ala na kuuvuta utando nje. Disketi zote za namna hii nina draivu yao maalumu, naiita wodi, na kichwa chake kinasafishwa baada ya kila mgonjwa.

Dalili: CD inaonekana safi lakini haisomeki

Igeuze. Watu hulinda upande wa chini unaong'aa, ilhali kwenye CD tabaka linaloakisi liko juu, chini ya lebo, likifunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa kalamu ya risasi upande wa lebo unaua zaidi ya mkwaruzo wa chini, ambao unaweza kung'arishwa. Usibandue stika ya karatasi, itaondoka na data. CD za kuchoma nyumbani hutumia rangi inayofifia kwa jua na joto, kwa hiyo jaribu draivu kadhaa na upunguze kasi. Hapa hakuna miujiza.

Dalili: unatamani kuwasha kompyuta yenyewe

Hii naihesabu kuwa dalili kwa sababu huishia kwa moshi. Mashine iliyolala miaka mingi usiiingize kwenye umeme kabla ya kuifungua. Tafuta betri ya pipa iliyochomelewa kwenye bodi, kawaida ya kompyuta za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Ni ya nikeli na kadimi, huvuja, na maji yake hula njia za shaba. Ikate, panguza kwa siki kidogo, kisha isopropili. Ukiona kapasita za rangi ya manjano zenye nyufa ndani ya ugavi wa umeme, zibadilishe kwanza; zikipata volti 230 zinapasuka na chumba kunuka siku nzima. Diski ngumu itoe, uinakili kwenye kompyuta nyingine, ndipo ucheze na mashine.

Dalili: mkanda wa sumaku unalia na kuacha utando wa kahawia

Simamisha. Mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ina gundi ya poliurethani inayonyonya unyevu hadi ikaanza kunata. Wataalamu huioka kwa nyuzi joto hamsini na kitu kwa saa nyingi katika oveni inayodhibitika, na baada ya hapo mkanda hutulia kwa wiki chache, muda wa kuunakili. Oveni ya jikoni haifai, joto lake linapanda na kushuka. Mikanda ya kale zaidi ya asetati, ile inayopitisha mwanga ukiiangalia dhidi ya dirisha, isiokwe kamwe.

Ila kwenye mikanda, zaidi hata ya disketi, tatizo ni kisomeo. Vyombo vya Lunar Orbiter vilipiga picha za Mwezi mwaka 1966 na 1967, na mikanda yake ikasalia. Mashine za Ampex FR-900 zilizoweza kuisoma zilikaribia kutoweka. Mtunza nyaraka wa NASA, Nancy Evans, alizichukua chache na kuzihifadhi kwake kwa miaka mingi, na mwaka 2008 mafundi wakaanza kuzifufua ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's kwenye kituo cha Ames, California. Picha zilizotoka zilikuwa bora kuliko zile zilizochapishwa wakati ule. Mwaka 2025 nako Chuo Kikuu cha Utah walikuta mkanda wa mfumo endeshi wa UNIX, toleo la nne, la mwaka 1973, wakaupeleka Computer History Museum, jumba la makumbusho ya kompyuta kule Mountain View, California. Huko hawakuuomba baiti. Walirekodi mawimbi ya kichwa yakiwa ghafi na kuiachia programu kazi ya kuyafasiri, mbinu ile ile ya Greaseweazle, kwa ukubwa wa mkanda.

Kwa hiyo ukikuta rili ya mkanda kwenye stoo ya shirika na huna mashine, usijaribu kuikunjua kwa mkono. Isimamishe wima ndani ya kopo lake, mahali pakavu, andika lebo yote, na tafuta mwenye mashine.

Dalili: faili limefunguka, maandishi ni vurugu

Hii ndiyo dalili niipendayo, maana vurugu yenyewe inakuambia ugonjwa.

Angalia mstari huu: "Taarifá yá mkutanï mkuõ". Herufi zote ziko sawa isipokuwa ya mwisho ya kila neno. Hiyo ni WordStar, programu ya zamani ya kuandikia nyaraka. Programu hiyo iliiwasha biti ya nane ya herufi ya mwisho ya neno ili ijue wapi pa kutanua nafasi inapopanga mistari. Kwa Kiingereza matokeo ni fujo ya kila aina. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake huishia na irabu, wakosaji ni watano tu: a imekuwa á, e imekuwa å, i imekuwa é, o imekuwa ï, u imekuwa õ. Nilipoletewa mihtasari ya chama kimoja cha ushirika, aliyeileta alidhani imeandikwa kwa lugha ya Ulaya. Tiba, juu ya nakala:

`tr '\200-\377' '\000-\177' < muhtasari.ws > muhtasari.txt`

Mistari inayoanza na nukta, kama .pa, ni amri za kurasa. Iache, nayo ni historia.

Ukiona alama ya @ imejazana kila mahali penye nafasi, na mwaka 1965 umeandikwa "ñùöõ", hiyo ni EBCDIC, msimbo wa mitambo mikubwa ya IBM. Nafasi yake ni 40 kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo kwetu ni @, na tarakimu zake zinaanzia F0. Kugeuza ni rahisi, hatari iko kwenye mafaili ya mishahara na hesabu. Humo namba nyingi zimebanwa, tarakimu mbili katika baiti moja. Ukizigeuza kana kwamba ni maandishi, umezisaga. Tafuta kwanza maelezo ya muundo wa rekodi, ugeuze sehemu kwa sehemu.

Na kama hakuna hata kimoja cha hivyo kinacholingana na mtambo ulikuwa wa Uingereza wa mfululizo wa ICL 1900, acha kuhesabu baiti. Neno lake lina biti 24, herufi nne za biti sita sita. Ukiligawa kwa nane hutapata kitu.

Dalili: kadi zimevimba, na zimechanganyika

Kadi ya karatasi ya safu 80, ile iliyobeba programu na data kwa matundu yaliyotobolewa, ikinyonya unyevu itakwama kwenye kisomeo chochote, hata ungekuwa nacho. Huhitaji. Ipige picha juu ya karatasi nyeusi, programu itahesabu matundu. Mpira ulioyeyuka kuzunguka bunda ukate, usiuvute.

Mpangilio ndio wenye thamani. Kabla ya kuligusa bunda, tazama ukingo wake wa juu: waandishi wa programu walizoea kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu, ili bunda likianguka walirudishe mpaka mstari ukamilike tena. Safu ya 73 hadi 80 nazo mara nyingi hubeba namba ya mfuatano. Bunda lisilo na mstari wala namba lifunge lilivyo na uliandike "halijapangwa". Usilipange kwa kubahatisha.

Dalili: kila kitu kinasomeka, hakuna anayejua ni nini

Hapa ndipo makusanyo mengi yanapokwama. Taswira mia mbili, heshi zimekamilika, na majina ni DATA1, DATA2, MPYA na MPYA2.

Sehemu ya chanzo ni sisi waokoaji. Tunatoa disketi kwenye boksi, tunatupa boksi. Boksi liliandikwa jina la idara. Ndani kulikuwa na risiti, kitabu cha maelekezo chenye maneno ya kalamu pembeni, karatasi ya ratiba ya nani anatumia kompyuta saa ngapi. Vyote hivyo vipigwe picha katika mpangilio uliovikuta, kabla ya kutenganisha chochote, na jina la kila taswira lirejee kwenye namba ya boksi.

Sehemu nyingine iko vichwani mwa watu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi kwa Kiswahili. Faili la tafsiri litakuonyesha neno lililochaguliwa. Ubishi uliotangulia chaguo hilo haumo humo. Taasisi ya Charles Babbage ya Chuo Kikuu cha Minnesota ililiona hilo mapema, ikawa inarekodi mahojiano na watu wa kompyuta huku ikikusanya karatasi zao. Wetu waliotoboa kadi miaka ya 1960 sasa ni wazee sana.

Nilipoanza kuwahoji nilikwenda na orodha ya maswali, nikarudi na majibu ya adabu. Siku moja nilisahau orodha nikabeba kadi tu. Nilimwamkia mzee, aliyewahi kuwa opereta, nikamwekea kadi mkononi. Hakusoma tundu hata moja. Alipapasa kona iliyokatwa, akaigeuza, akasema, "Wewe ulikuwa umeishika kinyume." Kisha akaeleza, saa nzima, kwa nini kosa hilo lilimfanya alale kazini usiku wa kufunga hesabu. Siku hizi kinasa sauti kinawaka kabla ya shikamoo.